Taarifa ya Matumizi: Viti Viwili

Kwa Afisa wa Utamaduni, ghorofa ya pili,
mlango wenye kufuli jipya na jina la zamani.
Mimi Kemuma, mweka hazina wa kikundi,
naandika kuhusu zile pesa.

Mlituahidi laki tatu.
Zikaja elfu themanini na sita,
miezi saba baadaye, zimeliwa pembeni
kama sabuni ya bweni.
Tulinunua viti viwili kwa fundi wa Bondeni,
mbao za saiprasi, bado zanuka utomvu.
Risiti nimeambatisha. Ile ya maji ilinyeshewa.

Laki mbili na elfu kumi na nne, tunasikia,
zilikwenda kwa mahema siku mkubwa alipokuja,
na kwa ngoma iliyorukwa juani hadi saa tisa
ndipo hotuba ikaanza.
Siwalaumu wachezaji. Nilikuwamo.
Nilivaa makonge kiunoni, nikalipwa soda.

Fomu yenu iliuliza: kabila?
Tukaacha pengo. Ikarudi na duara jekundu.
Iliuliza wanawake wangapi, vijana wangapi,
wenye ulemavu wangapi,
nami, mwenye mguu mfupi na miaka ishirini na minne,
nikajihesabu kila mstari
nikajikuta nimekuwa umati.

"Kila mmoja avae vazi la asili yake,"
ulituagiza, "nitaleta mpiga picha."
Nasambu akaja na ovaroli ya gereji.
Mama yake huchomelea mageti. Asili ndiyo hiyo.

Onyesho lenyewe hukufika, basi nilieleze.
Sokoni, kando ya vibanda vya viazi,
viti viwili vinatazamana.
Nasambu kakalia kimoja tangu saa moja asubuhi;
cha pili ni cha yeyote. Sharti moja: kimya.

Vumbi la Nakuru liliketi kwanza.
Akafuata kuli, akalala fofofo.
Akafuata mwakilishi wa wadi, aliyesikia kuna kiti.
Alivumilia dakika nne.
Kiti kisicho na kipaza sauti kinachoma, Afisa.
Alipoinuka alijipangusa suruali,
akanivuta kando, akauliza
nani mwingine anakitaka.

Saa nane akaketi Tabutany, muuza vitambaa vya meza.
Nasambu akabanwa na haja,
jambo ambalo pendekezo letu halikulitaja.
Akainuka. Nikajikongoja nimshikie nafasi,
nikakuta Gachie wa viazi ameshaketi.

Hao walikuwa majirani mtaa wa Kiti,
ukuta mmoja, bomba moja la maji,
hadi Januari ile.
Tangu hapo kila mtu hununua chumvi
upande wake wa soko.

Hakuna aliyelia. Usiandike kwamba walilia.
Gachie alivitazama viatu vya yule mama.
Yeye akatoa njugu kwenye kikaratasi,
akala moja, moja, moja,
akazimaliza bila kumgawia.
Kisha akaikunja karatasi ikawa ndogo kama ukucha,
akakaa robo saa nyingine
ambayo hakuwa na sababu ya kukaa.
Nilikuwa na saa mkononi. Robo saa kamili.
Nasambu alikuwa amerudi,
amesimama nyuma ya magunia na mikono yenye maji,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
hakujua asimame wapi.

Sasa ukurasa wa sita wataka
"idadi ya walionufaika,"
na chini yake, "matokeo yanayopimika."
Nimekaa nao wiki mbili, huo ukurasa.
Nimeandika wawili, nikafuta.
Nimeandika soko zima, nikaona ni uongo, nikafuta;
karatasi imetoboka pale.
Niwie radhi kwa tundu.

Salio: shilingi mia tatu na kumi, zimo kwenye bahasha.
Mali ya kikundi: viti viwili.
Kimoja nimekikalia nikiandika haya.
Cha pili Gachie alikiazima hadi kesho yake,
na hii ni wiki ya tatu kimo kibandani mwake,
kimeelekea njia, hakikaliwi na mtu,
hata magunia hayawekwi juu yake.
Sijamdai.
Kwenye daftari nimekiandika: kinatumika.